Tabia Hujengwa Dawatini

Wanangu,

Mmefika shule ya kanisa na masanduku ya bati, ndoo, magodoro na ile orodha ndefu ya mahitaji. Wazazi wenu wametafuta ada kwa jasho. Wakiulizwa kwa nini hawakuwapeleka shule ya kata iliyo jirani, wengi hutaja mambo mawili: matokeo mazuri na maadili. Huyataja kana kwamba kila moja lina mlango wake. Matokeo yatatoka darasani, maadili yatatoka kanisani na kwa mwalimu wa nidhamu. Nimefundisha shule za namna hii mpaka nikastaafu, na nasaha niliyo nayo kwenu ni moja tu. Tabia haifundishwi pembeni ya masomo. Hujengwa ndani ya masomo yenyewe, dawatini, kwa jinsi unavyosoma sentensi ngumu, unavyobishana na mwenzako na unavyopokea kosa lako likiwa limezungushiwa wino mwekundu. Anayengoja Jumapili ndipo afundwe amezipoteza siku sita.

Elimu mnayoingia ina ukoo mrefu. Wakristo wa kwanza waliishi katika dola la Rumi, ambamo mtoto aliyesomeshwa alianza na sarufi, akapanda hadi balagha, yaani ufundi wa kusema mbele ya watu. Katika karne za kati kanisa liliweka sarufi, mantiki na balagha kuwa ngazi ya kwanza; juu yake zikafuata hesabu, jiometri, muziki na elimu ya nyota. Jumla saba. Aliyezipitia hizo ndipo alipokwenda kusomea sheria, tiba au teolojia. Mwaka 1947 Dorothy Sayers, Mwingereza anayejulikana zaidi kwa riwaya zake za upelelezi, alitoa hotuba Oxford akilalamika kwamba shule za siku zake zinawapa watoto masomo mengi lakini haziwafundishi namna ya kujifunza. Akataka ngazi ile ya sarufi, mantiki na balagha irudishwe. Wenye kuifanyia kazi hotuba hiyo walikuwa Wamarekani: mwaka 1981 ilifunguliwa Logos School katika mji mdogo wa Moscow, jimbo la Idaho, na leo shule za mtindo huo ni nyingi nchini mwao, nyingine zimefika hata Afrika. Kwetu, lakini, mambo haya hayakungoja Wamarekani. Seminari kama Rubya mkoani Kagera na Katigondo kule Uganda zilikuwa na Kilatini, falsafa na uimbaji tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na humo ndimo alimosomea Laurean Rugambwa, aliyefanywa kardinali mwaka 1960.

Nimewatajia ukoo huu mjue thamani ya mlichokabidhiwa, na pia msije mkadanganyika nacho. Vitabu vizuri peke yake havimfanyi mtu kuwa mwema. Ushahidi uko Athene, miaka ya 350 baada ya Kristo. Pale walisoma vijana wawili kutoka Kapadokia, nchi ambayo leo ni sehemu ya Uturuki: Basili, ambaye baadaye aliitwa Mkuu, na rafiki yake Gregori wa Nazianzo. Miaka hiyohiyo alikuwapo Athene kijana mwingine, Juliano, wa ukoo wa kifalme wa Konstantino. Wote walilelewa katika Ukristo, wote walikula chumvi ya Homeri na wanafalsafa wa Kigiriki. Juliano akauacha Ukristo, akawa kaisari, na mwaka 362 akawapiga marufuku walimu Wakristo wasifundishe vitabu vile alivyovisoma pamoja nao. Basili akawa padre, na baadaye askofu. Njaa ilipoipiga Kaisaria ya Kapadokia karibu na mwaka 369, balagha yote aliyoipata Athene aliigeuza mahubiri ya kuwafanya matajiri wafungue maghala yao, akawapikia wenye njaa, kisha nje ya mji akaanzisha mahali pa kuwatunza wagonjwa, maskini na wakoma.

Mji mmoja, vitabu vilevile. Tofauti ilikuwa nini? Gregori, katika hotuba ya kumkumbuka rafiki yake aliyefariki, alieleza kwamba pale Athene wao wawili walijua njia mbili tu, ya kanisani na ya kwa walimu. Njia za sherehe na michezo ya kuigiza waliwaachia wenye kuzitaka. Kwa hiyo msiniulize orodha ya vitabu kabla hamjaniambia miguu yenu imezoea kwenda wapi, na mnasoma mkitafuta nini.

Basili mwenyewe aliandika nasaha kwa vijana aliowapenda kama mzazi, akiwaelekeza namna ya kusoma maandiko ya Wagiriki wasioamini. Hakuwakataza. Aliwaambia wafanye kama nyuki, ambaye hatui kila ua, na hata kwenye ua alilotua habebi kila kitu. Huchukua kinachofaa asali akaondoka. Kisha akawapa mifano kutoka kwa wapagani haohao. Perikle, kiongozi wa Athene, alitukanwa hadharani na mtu mmoja kutwa nzima bila kujibu neno. Giza lilipoingia, akamsindikiza mtukanaji wake njiani kwa taa. Klinia, mfuasi wa Pythagoras, angeweza kukwepa faini ya talanta tatu kwa kula kiapo, na kiapo chenyewe kingekuwa cha kweli. Akaona heri alipe kuliko kuapa. Mtazameni askofu huyu anavyofundisha: anawaaibisha Wakristo kwa wema wa watu wasiobatizwa. Sisi tunaoshika Biblia mahakamani, tukaapa, kisha tukadanganya kwa ajili ya kiwanja, tuna deni kubwa kwa Klinia.

Sasa niwachukue ngazi kwa ngazi.

Sarufi ndiyo inayowachosha kwanza, kwa sababu inadai kukariri. Wenzetu wa madrasa hawajawahi kuionea haya kazi hiyo. Mtoto wa miaka saba anahifadhi sura nzima, na akiwa mtu mzima maneno yale yanampata gizani asipokuwa na kitabu wala umeme. Karirini na ninyi: zaburi, mashairi, tarehe, majedwali. Lakini kilicho kikubwa zaidi katika sarufi ni kutii kilichoandikwa. Katika Kilatini mwisho wa neno ndio unaosema nani katenda na nani katendewa. Mwanafunzi mvivu hutupa jicho, akakisia, na mara aliyepigwa amekuwa mpigaji. Kosa la daftarini hilo, utasema. Mkisiaji huyo baadaye ndiye hakimu asiyesoma jalada hadi mwisho, ndiye muuguzi anayesoma nusu ya maandishi ya daktari, ndiye mwandishi wa habari anayempa mtu maneno asiyoyasema. Kusoma kwa uangalifu kile mwenzako alichokiandika, kabla hujasema lako, ni haki unayomtendea mtu. Hiyo ndiyo tabia, na imejengwa kwa zoezi la sentensi kumi.

Hata hivyo sarufi ina sumu yake. Agostino, mwana wa Afrika ya Kaskazini aliyezaliwa mwaka 354, alikumbuka shule aliyosoma kwa uchungu. Aliandika kwamba watu wa zama zake walimwona ametenda kosa kubwa zaidi mtu aliyelitamka neno lenye maana ya binadamu akasahau herufi moja ya mwanzo, kuliko mtu aliyemchukia binadamu mwenyewe. Wanangu, jambo hili si la zama zile peke yake. Nimeliona bwaloni. Kijana wa kidato cha kwanza aliyetoka kijijini anasimama kusoma wakati wa chakula, lugha ya kwao inaichanganya r na l ulimini mwake, na meza nzima inaangua kicheko. Wanaocheka ndio wenye alama nzuri za lugha. Pale mezani wamefeli, na hakuna mtihani wa taifa utakaowaambia. Aliyefaulu ni yule wa kidato cha tatu ambaye jioni, kabla ya prepo, alimwita yule mdogo nyuma ya bweni, akamsomesha ukurasa wa kesho pole pole mpaka ulimi ukazoea. Sarufi iliyowapa wale wengine dharau ilimpa huyu kazi ya kumsaidia mtu. Chagueni mapema ninyi itawapa nini.

Ngazi ya pili ni mantiki, na ninyi wa kidato cha tatu na cha nne mnaipenda bila kuambiwa, maana umri wenu ni umri wa kubisha. Sayers aliliona hilo: kuna umri ambao mtoto hufurahia kumnasa mkubwa kwenye kosa. Msizimwe. Ila jifunzeni kubisha kwa adabu ya Tomaso wa Akwino, mtawa wa karne ya 13 aliyefariki mwaka 1274. Fungueni kitabu chake kikuu cha teolojia ukurasa wowote. Anauliza swali, kisha kabla hajatoa jibu lake anaorodhesha hoja za wanaompinga, tena kwa nguvu zake zote, kiasi kwamba msomaji mchanga hudhani huo ndio msimamo wa kitabu. Hata alipouliza kama Mungu yupo, alianza na hoja za wanaosema hayupo. Baada ya hapo ndipo anapojibu, na mwishoni anazirudia zile hoja moja moja asiache hata moja njiani.

Fanyeni hivyo kwenye midahalo yenu. Nina kanuni niliyoitumia darasani: huna ruhusa ya kumjibu mpinzani wako mpaka umeirudia hoja yake, naye akatikisa kichwa kukubali kwamba ndivyo alivyosema. Mwanzoni wanafunzi huichukia kanuni hii kwa sababu inapunguza mbwembwe. Kelele za meza kugongwa hupungua, wasikilizaji huboreka. Baada ya majuma machache kinatokea kitu kingine: wawili waliokuwa wakitupiana maneno wanagundua kwamba walikuwa wakipinga vitu viwili tofauti. Kwenye makundi ya WhatsApp siku hizi mtu mzima mwenye shahada anajibu ujumbe ambao hajausoma, anamtukana mtu ambaye hajamwelewa, kisha anatuma aya ya Biblia asubuhi yake. Ukweli haujawa mali ya upande wako kwa sababu tu uko upande wako. Anayezoea kumtendea haki mpinzani darasani, siku moja atamtendea haki mke, jirani wa dini nyingine, na mshitakiwa asiye na wakili.

Ngazi ya tatu ndiyo ya hatari, nayo ni balagha. Mwenye ulimi mzuri ana silaha mkononi. Mwalimu Nyerere, Rais wa kwanza wa Tanzania, alitafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar. Ilichapwa mwaka 1963, ikatoka tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Naamini kila mwanafunzi wa shule ya kanisa angepaswa kulisoma lile onyesho la mazishi. Bruto anasimama, anawaeleza watu sababu za kumwua Kaizari, umati unamshangilia. Antoni anafuata. Mwanzoni hasemi neno moja la kumtukana Bruto. Anamsifu, anarudia sifa hiyo mpaka inageuka ukakasi, anaonyesha vazi lenye matundu ya majambia, anataja wosia akajifanya hataki kuusoma. Umati uleule unageuka na kuondoka na moto mkononi. Njiani wanakutana na mshairi aitwaye Sina, ambaye jina lake linafanana na la mmoja wa waliopanga njama. Anawaeleza kwamba yeye ni mshairi tu. Wanamrarua hata hivyo.

Waulizeni wenzenu darasani: nani alimwua Sina? Antoni hakumgusa. Hakujua hata kama yupo njiani. Hapo ndipo mnapoanza kuelewa kwa nini walimu wa Rumi ya kale walisisitiza kwamba msemaji wa kweli sharti kwanza awe mtu mwema, kisha ndiyo awe hodari wa kusema. Walijua kwamba hotuba inaweza kuchoma mji.

Agostino alilijua hilo kutoka ndani. Mwaka 384 alipata kiti cha balagha huko Milano, mji alimokaa kaisari, na moja ya kazi zake ilikuwa kutoa hotuba za kumsifu mtawala. Siku moja akiwa anajiandaa kwa hotuba kama hiyo, akijua imejaa uongo na kwamba watakaompigia makofi wanajua ni uongo, alipita mtaani akamwona ombaomba amelewa, anacheka na kufanya mzaha. Akawaambia rafiki zake kwamba mlevi yule amemzidi: furaha yake kaipata kwa sarafu chache za kuomba, na yeye anaitafuta kwa kuuza maneno asiyoyaamini. Mwaka 386 aliacha kiti kile, na Pasaka ya mwaka 387 akabatizwa na askofu Ambrosi. Kipaji hakukitupa. Baadaye, akiwa askofu wa Hippo huko kwao Afrika ya Kaskazini, alikitumia kuwahubiria wavuvi na wakulima, mpaka alipofariki mwaka 430. Ninyi mnaishi nchi ambayo kijana mwenye ulimi mtamu haraka sana hupata wa kumsifu na malipo ya kusifu. Kazi hiyo mmeipa jina wenyewe, uchawa. Shule ya kanisa inayotoa machawa wenye Kiingereza kizuri imekula ada ya wazazi bure.

Baada ya ngazi hizo tatu mtaniuliza: tunaanzia wapi, na wahenga wamekwisha kusema tabia haina dawa? Ni kweli haina dawa ya kumeza mara moja ukapona. Semina ya maadili ya siku mbili haimbadilishi mwizi, na hotuba ya gombera siku ya mahafali husahaulika kabla ya pilau kuisha. Lakini Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki ambaye Tomaso alimsoma sana, alifundisha jambo ambalo kila fundi wa Mwenge au Kariakoo, Dar es Salaam, analijua: mtu huwa mjenzi kwa kujenga, na huwa mwenye haki kwa kutenda haki. Tendo dogo likirudiwa huwa mazoea, na mazoea yakikaa huwa ndiyo wewe.

Njooni niwaonyeshe tendo dogo lenyewe. Ni maabara ya fizikia, kidato cha nne, somo la vitendo. Kijana amefunga kijiwe kwenye uzi wa mita moja, anakibembeza, anahesabu mabembeo 20 huku saa ikikimbia. Saa inasimama kwenye sekunde 41.4. Anaandika kwa penseli. Anapiga hesabu ya mvuto wa dunia, inamtokea 9.2. Anajua kitabu kinasema 9.8. Anatazama kushoto, anatazama kulia, mwalimu yuko dirishani. Anachukua ufutio, anafuta 41.4, anaandika 40.1, na jibu linakaa sawasawa. Alama zote anapata. Hakuna aliyeibiwa, hakuna aliyelia. Ila mkono umekwisha kujifunza kwamba ushahidi unaweza kurekebishwa ili ulingane na jibu linalotakiwa. Miaka ishirini baadaye mkono huohuo unasaini ripoti ya kupima zege la daraja, au hesabu ya madawati yaliyofika wilayani. Kumbe angeweza kuiacha 41.4 kama ilivyo, akaandika chini yake kwamba huenda alichelewa kuisimamisha saa, na akapoteza alama moja. Alama hiyo moja ndiyo ada halisi ya elimu ya Kikristo, na wengi hawataki kuilipa.

Ni hivyo hivyo kwa kupiga chabo kwenye mtihani, kunakili kazi ya mwenzako alfajiri, na siku hizi kuiambia simu ikuandikie insha. Akili mnemba itakupa insha safi kuliko yako, sibishani. Lakini mwalimu hakuwa na shida ya insha. Kabati lake limejaa insha. Alitaka wewe ukae saa moja na wazo moja bila kukimbia. Ulichokwepa ni kile hasa ulichokuja kukifuata.

Angalieni pia kundi. Agostino, kijana wa miaka kumi na sita, aliiba mapeari ya jirani usiku pamoja na wenzake. Hawakuwa na njaa. Mengi waliwatupia nguruwe. Alipolitafakari tukio lile akiwa askofu alikiri kwamba peke yake asingeiba. Bweni lina nguvu hiyo. Watu sita wanaocheka pamoja hufanya jambo ambalo kila mmoja wao, akiwa peke yake, angeliona aibu. Basi mchague mapema rafiki kama Gregori alivyokuwa kwa Basili, mmoja anatosha, ambaye ukiwa naye unaona aibu kufanya upuuzi.

Neno fupi kwa ninyi walimu vijana mnaosoma nasaha hii pembeni ya wanafunzi wenu. Agostino alipigwa shuleni mpaka akawa anamwomba Mungu, mtoto mdogo vile, asipigwe; wakubwa walimcheka. Kigiriki alichofundishwa kwa vitisho hakukipenda. Hofu humfundisha mtoto kujificha, na anayejificha hajengi tabia, anajenga ukuta. Wanafunzi wenu watawasoma ninyi kabla ya kusoma vitabu vyenu. Pale Alliance, Kikuyu, shule iliyoanzishwa na makanisa mwaka 1926, Carey Francis alikuwa mkuu wa shule kuanzia mwaka 1940 hadi 1962. Alikuwa mwanahisabati wa Cambridge aliyeacha ualimu wa chuo kikuu akaja Kenya. Hakukosa mawaa: alikuwa mtu wa zama za ukoloni, na mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyesoma pale kuanzia mwaka 1955 hadi 1958, ameieleza vizuri mivutano ya shule ile iliyokuwa ndani ya ua wake huku vita vya Mau Mau vikiwaka nje. Lakini tazameni alichofanya alipostaafu. Kutoka kuongoza shule iliyosifika sana Kenya alikwenda Pumwani, mtaa wa watu wa kipato cha chini Nairobi, akafundisha darasani kama mwalimu wa kawaida mpaka alipofariki mwaka 1966. Wito wa Alliance ulikuwa mtu awe na nguvu ili atumikie. Wanafunzi wake waliuona ukitembea kwa miguu.

Na sasa la mwisho, ambalo bila hilo yote niliyosema yangekuwa mafunzo ya Wagiriki tu. Wapagani wale walikuwa na adabu ya kutuaibisha, lakini wengi wao waliamini kwamba mtu anaweza kujiumba mwenyewe kuwa mwema kwa bidii yake. Kanisa lilipokea vitabu vyao, likaviongezea magoti. Mwanafunzi aliyejizoeza ukweli, haki na uvumilivu ana kishawishi kimoja kilichobaki, nacho ni kujiona. Huyo ndiye Farisayo wa kisasa: hadesi, hapigi chabo, anasali, na anawadharau wote wasio kama yeye. Kwa sababu hiyo siku yenu shuleni huanza na kuisha kwa sala. Sala si kifungua kinywa cha masomo. Ni mahali pa kukubali kwamba uliyofaulu umepewa, na uliyoshindwa yanasameheka. Agostino alifundisha kwamba wema wa mtu umo katika mpangilio wa mapenzi yake: apende kila kitu kwa kadiri yake, Mungu kwanza, mtu pili, vitu mwisho. Cheti kina nafasi yake katika mpangilio huo. Msikipandishe kiti kisicho chake.

Basi, wanangu, sifa za kanisa zisitoke kwenye idadi ya divisheni wani peke yake. Wapo waliopata divisheni wani katika shule za kanisa na leo wako mahakamani kwa kula fedha za umma. Waliimba kwaya vizuri sana. Kesho mtakaporudi darasani, someni sentensi yote kabla ya kuijibu. Rudieni hoja ya mpinzani kabla ya kuipinga. Andikeni namba mliyoiona, hata kama si ile ya kitabuni. Msaidieni anayesoma vibaya. Mkikosa, semeni mmekosa kabla hamjakamatwa. Fanyeni hivyo kila siku ya shule, mkimwomba Mungu awape nguvu ya kesho yake, nanyi mtatoka mkiwa watu wa kuaminiwa na funguo za ghala. Nchi yetu ina wasomi wa kutosha. Waaminifu ndio wachache, na ninyi ndio tunaowangoja.